Misaada ya Hisani kwa Tiba na Elimu ya Udaktari Kusini mwa Afrika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hayaishi kurudi. Yanatoka kwa vikundi vya Waswahili walioko Ulaya na Marekani, kamati za misikiti na makanisa, wanafunzi wa udaktari, na wastaafu waliopata kiinua mgongo wakataka sehemu yake iende kwa wagonjwa. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale yanayokuja kwa nadra. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, tumekuelekeza huko.

## Misingi

1. Mnaposema kusini mwa Afrika mna maana ya nchi zipi?

Malawi, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji, Botswana, Namibia, Angola, Lesotho, Eswatini na Afrika Kusini yenyewe. Mifano yetu mingi ni ya Malawi. Ni jirani ambaye sehemu ya mizigo yake hupita bandari ya Dar es Salaam, halafu ni nchi ambako karibu kila aina ya msaada wa afya imeshajaribiwa, iliyofana na iliyoharibika.

Usizipime nchi hizi kwa kipimo kimoja. Afrika Kusini ina vyuo vikongwe vya udaktari na hununua dawa nyingi za VVU kwa fedha zake. Lesotho, iliyozungukwa nayo pande zote, kwa miaka mingi imekuwa ikipeleka vijana wake kusomea udaktari nje. Msaada unaohitajika Blantyre, Malawi, unaweza kuwa kichekesho Cape Town, Afrika Kusini.

2. Kwani afya si kazi ya serikali?

Ni kazi yake. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na nchi nyingi za ukanda huu hazijatimiza ahadi hiyo. Hata nchi ikiitimiza, asilimia 15 ya bajeti ndogo bado ni fedha kidogo.

Malawi ina jambo la ziada: katika wodi za kawaida za hospitali za serikali mgonjwa hatozwi. Ni sera nzuri kwa maskini, lakini glovu zikiisha katikati ya mwezi mganga mkuu hana makusanyo ya kuchota. Hapo hisani ina nafasi. Isipokuwa isijidanganye kwamba itabeba mishahara ya nchi nzima. Mishahara ni ya serikali, na mfadhili anayeanza kuilipa bila kujua ataikabidhi kwa nani anawaandalia watu machungu.

3. Hospitali za misheni ni za nani, na nani anazilipa?

Watanzania wataelewa haraka wakikumbuka hospitali teule: majengo ya kanisa, mishahara ya serikali. Malawi ni hivyo hivyo. Hospitali za Wakatoliki, Wapresbiteri, Waadventista na wengine ziko chini ya mwavuli wa CHAM, umoja wa huduma za afya za makanisa, tangu 1966. Zambia wana wao, CHAZ, wa mwaka 1970. Nyingi ziko vijijini, mahali ambapo hospitali ya serikali haipo karibu.

Serikali ya Malawi hulipa watumishi wake wengi na huingia nazo mikataba ya huduma. Mjamzito anajifungua bila kulipa, kisha hospitali inapeleka bili wizarani. Wizara ikichelewa kulipa, hospitali inakopa dawa kwa wauzaji, na wauzaji nao huchoka. Mfadhili mwenye fedha zisizofungwa na masharti mengi huokoa jahazi wakati huo kuliko yule anayetaka jengo lenye jina lake. Tena vyuo vya CHAM ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya wauguzi na wakunga wa Malawi. Chuo cha uuguzi hakina mvuto kwenye picha za uzinduzi, kwa hiyo husahaulika.

## Pesa au vitu

4. Nitume pesa au vitu?

Pesa, karibu kila mara. Vitu viende pale tu hospitali yenyewe ilipoomba kwa barua, ikataja aina na idadi.

5. Nina kiasi kidogo tu. Kitafanya nini cha maana?

Uliza wauguzaji, yaani watu wanaokaa na wagonjwa wao hospitalini, wanaishi vipi. Mgonjwa wa Malawi hulazwa pamoja na mtu wake. Huyo ndiye anayemwosha, anayemgeuza kitandani, anayepeleka sampuli maabara na kumpikia nsima, ambayo ni ugali wetu. Usiku hulala sakafuni kando ya kitanda, au barazani, au kwenye banda la wauguzaji lenye mafiga, masufuria meusi na bomba moja la maji. Koki ya bomba hilo ikikatika, wanawake wanaenda kuchota maji bomba la wodini, foleni inaanza, sinki linaziba, na muuguzi wa zamu anakosa pa kunawa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kumlipa fundi bomba na kununua koki mbili za akiba ni msaada wa afya kamili.

Mengine ya kiasi hicho: nauli ya mama wa mtoto aliyeruhusiwa, ada ya mtihani ya mwanafunzi wa uuguzi, betri ya sola ya zahanati. Hayapendezi kwenye ripoti, ila yanaonekana wodini.

6. Tumejaza kontena vitanda na vifaa vya hospitali. Tufanyeje lifike Malawi?

Tunatamani swali hili lingeulizwa kabla ya kontena kujazwa.

Malawi haina bahari. Mzigo wake hushukia Beira au Nacala kule Msumbiji, Durban, au Dar es Salaam, ambako Malawi ina kituo chake cha mizigo na kingine Mbeya. Kutoka Dar kontena linapanda barabarani hadi Mbeya, linateremka Kyela, linavuka mto Songwe na kushika njia ya Karonga. Wa Zambia hupita Tunduma au kwa reli ya TAZARA. Kila hatua ina karatasi na tozo zake.

Msamaha wa ushuru haujitokezi wenyewe kwa kuwa mzigo ni wa msaada. Anayeuomba ni mpokeaji, kwa kawaida kupitia wizara ya afya ya nchi yake, na barua iwe mkononi kabla meli haijang'oa nanga. Bila barua kontena linakaa bandarini likilipiwa kila siku, na haichukui muda tozo hizo kuzidi thamani ya vitanda vilivyomo. Orodha ya vilivyomo iandikwe kimoja kimoja. "Vifaa mbalimbali" ni maneno yanayomfanya afisa wa forodha afungue kila sanduku, na ana haki.

Halafu piga hesabu ya ukweli. Nauli ya meli, lori, wakala wa forodha na kupakua, jumlisha. Vitanda vya chuma na magodoro vinatengenezwa Lilongwe na Blantyre na mafundi wa huko huko. Tunajua hesabu hii imewahi kuvunja moyo wa vikundi vingi, na bado tunaishauri.

7. Hospitali imekataa mashine yetu. Ni maringo?

Huenda ni uzoefu. Utafiti uliochapishwa 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali za nchi 16, ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi. Sababu si uzembe wa watu kama inavyodhaniwa. Mashine ya Marekani imetengenezwa kwa umeme wa volti 110, na Malawi, kama Tanzania, ina volti 230. Ikichomekwa bila transfoma inaungua siku ya kwanza. Mashine ya maabara inadai kemikali za kampuni ile ile, ambazo hazina wakala nchini. Mwongozo umeandikwa kwa Kijapani. Fundi wa vifaa tiba ni mmoja kwa wilaya nzima, naye hana kipuri. Hospitali iliyokwisha geuza stoo yake kuwa makaburi ya mashine ina haki ya kusema hapana.

Linganisha na kifaa cha kumsaidia mtoto njiti kupumua kilichobuniwa na Chuo Kikuu cha Rice cha Houston pamoja na madaktari wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre. Cha mwanzo kilitumia pampu za kawaida za tangi la samaki. Kiliundwa kwa kuzingatia wodi yenye umeme wa kukatika na muuguzi mmoja. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba asilimia 71 ya watoto waliowekewa walipona, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni peke yake. Kazi hiyo ilizaa mpango wa NEST360, ambao uko nchi kadhaa zikiwemo Malawi, Tanzania, Kenya na Nigeria, na ambao pamoja na vifaa unafundisha wauguzi na mafundi. Ukitaka kuchangia mashine, changia mpango wenye fundi ndani yake.

8. Nina dawa zilizobaki, hazijaisha muda. Nizitume?

Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa umekataza tangu 1996 kutuma dawa zilizokwisha tolewa kwa wagonjwa, hata kama bado zimefungwa. Dawa ikifika ibakiwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi, iwe kwenye orodha ya dawa za nchi hiyo, na lebo isomeke kwa lugha ya wanaoipokea. Mfuko wa vidonge mchanganyiko kutoka kabati la nyumbani unampa mfamasia kazi ya kuuchambua, kisha ya kuuteketeza.

9. Na vitabu vya udaktari?

Vya matoleo mapya, ndiyo. Kitabu cha tiba ya VVU cha miaka ishirini iliyopita kinaweza kuua. Siku hizi wanafunzi husoma kwenye simu, kwa hiyo kulipia bando au intaneti ya maktaba kunasaidia zaidi.

10. Kuna msaada mzuri usiohitaji jengo, mashine wala kontena?

Upo, na umeanzia Harare. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, wakati wataalamu wa fani yake Zimbabwe nzima walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hakupewa ofisi wala wauguzi wa ziada. Alichopata ni bibi kumi na wanne waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaani, na benchi za mbao nje ya zahanati. Bibi anafundishwa namna ya kusikiliza, kupima ukubwa wa sonona kwa maswali machache, na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha waliokaa na bibi wakipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Benchi hizo zimeshafika Malawi, na kwetu Zanzibar. Gharama kubwa ni kufundisha, kusimamia na posho ndogo za hao bibi.

## Elimu ya udaktari na uuguzi

11. Nchi hizi zina vyuo vyao vya udaktari, au bado zinategemea nje?

Vingi ni vichanga. Harare walianza 1963, Lusaka 1966. Malawi iliishi na uhuru wake kwa zaidi ya miaka 25 ikipeleka vijana nje, hasa Uingereza, mpaka Chuo cha Tiba cha Blantyre kilipofunguliwa 1991. Mwaka 2021 kiliunganishwa na chuo cha uuguzi cha Kamuzu kikawa chuo kikuu cha sayansi za afya kinachojitegemea. Botswana ilianza 2009 na Namibia 2010.

Afrika Kusini ina historia yake chungu. Enzi za ubaguzi kijana Mwafrika hakuwa na milango mingi ya kuingilia udaktari, na mmojawapo ulikuwa shule ya Durban iliyofunguliwa 1951, ambayo leo ina jina la Nelson Mandela. Kabla yake wengi walikuwa wakibahatisha kwa wafadhili wa ng'ambo. Kamuzu Banda, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Malawi, alisomeshwa hivyo: wafadhili wa Kimarekani walimlipia, akahitimu udaktari Tennessee mwaka 1937, akasoma tena Edinburgh, akatibu Waingereza kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani 1958.

Mahitaji ya vyuo yenyewe ni walimu. Mwaka 2010 Marekani ilitenga dola milioni 130 kwa miaka mitano kuimarisha vyuo vya udaktari Afrika, KCMC ya Moshi ikiwemo. Harare, ambako kuporomoka kwa uchumi mwaka 2008 kuliwakimbiza wahadhiri wengi, fedha hizo zilisaidia kuwarudisha darasani.

12. Kwa nini mnasisitiza kumsomesha mtoto wa kijijini? Si achukuliwe mwenye alama za juu?

Kwa sababu ya Ingwavuma. Ni mji mdogo mlimani kaskazini mwa KwaZulu-Natal, karibu na mipaka ya Eswatini na Msumbiji. Hospitali yake ya Mosvold ilikuwa ikitangaza nafasi za kazi bila kupata waombaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari wa pale, Andrew Ross, alianzisha mfuko wa kusomesha vijana wa wilaya hiyo hiyo. Leo mfuko huo unaitwa Umthombo na umeshatoa mamia ya wahitimu: madaktari, wauguzi, wafamasia, wataalamu wa viungo.

Tazama ulivyosukwa. Kijana anachaguliwa na hospitali ya kwao baada ya kufanya kazi ya kujitolea pale, ajue damu na harufu kabla ya kujaza fomu. Chuoni ana mlezi anayemfuatilia mwezi kwa mwezi, maana wengi huanguka mwaka wa kwanza kwa upweke na Kiingereza kigumu, si kwa kukosa akili. Likizo anarudi kufanya kazi hospitali ya kwao. Akimaliza anatumikia mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa.

Mtoto wa shule ya kijijini mwenye alama za wastani kidogo, akishikwa mkono, humaliza. Tena anaongea Kizulu na wagonjwa wake.

13. Mfuko wetu umkopeshe mwanafunzi au umpe bure kwa mkataba?

Mkataba wa kutumikia, wenye kifungu cha kurudisha fedha akikiuka, ndio uliozoeleka. Ila karatasi peke yake haimshiki mtu. Kinachomshika ni uhusiano na kituo chake (tazama swali la 12), nyumba ya kuishi yenye maji, na mkuu wa kazi asiyemtukana. Weka fungu la hivyo pia.

14. Tuna uwezo wa kumsomesha mmoja. Awe daktari au tabibu?

Kwa hospitali ya wilaya, sisi tungechagua tabibu au muuguzi mkunga. Malawi sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wilayani hufanywa na matabibu, wasio na digrii ya udaktari. Msumbiji walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1984, vita vikiendelea na madaktari wakiwa wachache mno, walianza kuwafundisha wahudumu wazoefu upasuaji kwa miaka mitatu. Ufuatiliaji uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 ya wapasuaji hao walikuwa bado hospitali za wilaya. Madaktari waliopangwa huko hakubaki hata mmoja.

15. Na mabingwa? Lazima waende Ulaya?

Si lazima tena. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilianzishwa 1999 na makao yake ni Arusha. Hakina jengo la madarasa. Daktari anabaki hospitali iliyoidhinishwa, Lilongwe au Lusaka au Mwanza, anapasua chini ya mkufunzi, na anafanya mtihani mmoja na wenzake wa ukanda wote. Zaidi ya asilimia 80 ya wahitimu wamebaki nchi waliyosomea, na zaidi ya asilimia 90 wamo Afrika. Mfadhili anaweza kulipa ada au nauli ya mtihani ya daktari mmoja.

Kwa magonjwa ya watoto ipo njia ya Cape Town: madaktari wa nchi nyingine za Afrika hujifunza ubingwa Hospitali ya Watoto ya Red Cross, kisha karibu wote hurudi kwao, kwa sababu hospitali iliyowatuma imewawekea nafasi.

16. Tukiwasomesha si watahamia Uingereza?

Baadhi watahama, na ni haki yao. Swali lenye faida ni nini huwafanya wengine wabaki.

Malawi ilijaribu kulijibu kwa vitendo. Kuanzia 2004, kwa fedha za Uingereza na Mfuko wa Dunia (Global Fund, wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria), watumishi wa afya wa kada kadhaa waliongezwa asilimia 52 ya mshahara, na vyuo vikapanuliwa kwa wakati mmoja. Tathmini ya 2010 ilikuta idadi yao imepanda kwa zaidi ya nusu. Fedha zilipopungua, wasiwasi ulirudi.

Kwa upande wa wanaochukua, kanuni za Shirika la Afya Duniani za 2010 zinazitaka nchi tajiri zisiende kuajiri kwa makusudi kwenye nchi zenye uhaba. Zambia na Zimbabwe ziliongezwa kwenye orodha ya nchi hizo 2023. Malawi na Tanzania zimo pia.

Kuna kioja kingine kisichosemwa sana. Nchi inayolia uhaba inaweza kuwa na wauguzi wenye vyeti wanaouza vocha, kwa kuwa hazina haina fungu la kuwaajiri. Hata Afrika Kusini madaktari waliomaliza utumishi wa lazima wamekosa nafasi. Kabla ya kumlipia mtu ada, uliza mwajiri wake ni nani.

## Kwenda mwenyewe

17. Mwanangu anasoma udaktari Ulaya, anataka kwenda Malawi kwa mafunzo ya vitendo. Ni msaada?

Ni elimu yake. Kusiwe na aibu katika hilo, ila isiitwe msaada. Aombe mapema kupitia chuo cha huko, apate usajili wa muda wa Baraza la Madaktari la Malawi, alipe ada anayotozwa bila kunung'unika, maana inalipa muda wa daktari anayemfundisha. Asifanye lolote ambalo nyumbani asingeruhusiwa kulifanya. Na asimsukume pembeni mwanafunzi Mmalawi anayesubiri zamu yake ya kuzalisha: huyo ndiye atakayekuwa peke yake usiku huo wilayani mwakani.

18. Sisi ni mabingwa. Tunaweza kwenda wiki mbili kila mwaka?

Mnaweza, mkirudi hospitali ile ile, kwa watu wale wale, mkiwa na mtu wa kumwachia wagonjwa. Mgonjwa akipata usaha mmeshapanda ndege, anayeamshwa usiku ni tabibu wa zamu. Muulizeni yeye ratiba yenu iweje. Mkipenda kutibu na kufundisha kwa pamoja, mfano wa kuiga ni treni ya Phelophepa ya Afrika Kusini, inayozunguka stesheni za vijijini tangu 1994. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa macho na meno hutibu humo wakisimamiwa.

19. Tukiandaa semina, tulipe posho?

Nauli, chakula na malazi, kwa viwango vya serikali ya pale. Posho nono huhamisha wodi nzima kwenda hotelini: muuguzi anapata kwa siku tatu za semina kiasi kinachokaribia nusu mshahara, na nani amlaumu? Fundisheni hospitalini, zamu zikiendelea.

## Wafadhili wakubwa na siasa zake

20. Misaada ya watu mashuhuri ina maana, au ni matangazo?

Vyote viwili vinaweza kukaa pamoja. Julai 2017 ndani ya eneo la Queen Elizabeth, Blantyre, kilifunguliwa kituo cha Mercy James cha upasuaji wa watoto na wagonjwa mahututi, kwa fedha za asasi ya mwanamuziki Madonna. Kabla yake Malawi haikuwa na wodi ya wagonjwa mahututi kwa ajili ya watoto. Kilichokipa uhai ni kwamba palikuwa tayari na madaktari wa upasuaji wa watoto waliokuwa wakifundisha pale kwa miaka, na wizara na chuo vilikuwa ndani ya mpango. Jengo lilifuata watu.

21. Na fedha zenye asili ya kikoloni?

Mfano unaotajwa ni wa Alfred Beit, tajiri wa almasi na dhahabu aliyefariki 1906. Mfuko alioacha ulijenga daraja la Beitbridge kwenye mto Limpopo, na hadi leo unasomesha na kusaidia afya Zambia, Zimbabwe na Malawi. Hospitali ya mifupa ya Blantyre iliyofunguliwa 2002 ilipewa jina lake: watu wazima wenye uwezo hulipa, na malipo yao yanasaidia watoto wenye nyayo zilizopinda kupasuliwa bure. Wapo wanaoona fedha hizo zinarudi tu zilikochimbwa. Sisi tuko upande wao.

22. Marekani ilipokata misaada 2025, nini kiliharibika?

Misaada ilisimamishwa Januari 2025, na Julai mwaka huo USAID ikafungwa. Afrika Kusini dawa za VVU ziliendelea kwa kuwa serikali hununua nyingi yenyewe. Kilichotikisika ni watu: washauri nasaha, waliofuatilia wagonjwa walioacha dawa, waliopima virusi mitaani, na watafiti. Malawi, ambako dawa zenyewe hutegemea sana Mfuko wa Dunia, hofu ni kubwa zaidi. Hisani ya watu binafsi haiwezi kuziba pengo la ukubwa huo. Inaweza kumlipa mhudumu fulani wa zahanati fulani asimwache mgonjwa wake, na hilo mnaweza kulifanya.

## Hali za pekee

23. Zaka yangu inaweza kwenda hospitali?

Kumlipia maskini matibabu, dawa au nauli ni jambo ambalo masheikh wengi hulikubali. Kujenga wodi kwa zaka kuna khitilafu, na wengi huelekeza hilo kwenye sadaka au waqfu. Muulize sheikh wako kabla hujatuma, kisha iandikie hospitali kwamba fedha ni za zaka ili ziwekwe peke yake. Desturi hii ina mizizi Malawi: Abdul Rahman Al-Sumait, daktari wa Kuwait, alianzia huko mwaka 1981 kazi ya hisani iliyokuja kuenea nchi nyingi za Afrika, na zahanati na visima vikiwemo.

24. Nitajuaje shirika si la matapeli?

Omba namba ya usajili uihakiki mwenyewe: Malawi kwa mamlaka ya asasi zisizo za kiserikali, Afrika Kusini kwa idara ya maendeleo ya jamii, Uingereza kwenye daftari la wazi la Charity Commission. Kisha piga simu hospitali inayotajwa, kwa namba uliyoitafuta wewe, umwombe muuguzi mkuu. Shirika likiwa la kweli, muuguzi huyo atafahamu lilileta nini mara ya mwisho.

25. Tuweke picha za wagonjwa kwenye kampeni?

Mgonjwa aliyelala hajakubali. Picha ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi aliyeelezwa kwa lugha yake kwamba itaonekana duniani kote, na kwamba akikataa atatibiwa vile vile. Picha ya koki mpya (swali la 5) haimdhalilishi mtu.

26. Kuna mgonjwa mmoja anachangiwa mtandaoni aende kutibiwa India. Tuchangie?

Tafuteni barua ya rufaa ya hospitali kuu ya nchi yake, inayosema tiba haipo nchini. Ulizeni kama ipo jirani, kwa mfano Johannesburg au Dar es Salaam, kwa moyo na figo. Fedha zilipwe hospitali moja kwa moja, zisipitie simu ya ndugu, hata ndugu mwaminifu, maana msibani kila mtu ana shida.

27. Tulimchangia mgonjwa, amefariki fedha hazijaisha. Zilizobaki ni za nani?

Inategemea mliandika nini mwanzoni, na wengi hawaandiki kitu. Tangazo la mchango liwe na mstari mmoja: zikibaki, kwanza zilipe deni la hospitali na kusafirisha mwili, kisha ziende kwenye mfuko wa wagonjwa wasiojiweza wa hospitali iliyomtibu. Kama mstari huo haukuwepo, kaeni na familia baada ya arobaini, si kabla, mkiwa na hesabu iliyoandikwa na risiti. Waliochanga kiasi kikubwa waulizwe mmoja mmoja. Anayetaka kurudishiwa chake arudishiwe.